Namba Tasa Moja, Milango Miwili

Mlango ukikushindeni, wanangu, msianze na kompyuta. Anzeni na bawaba. Nimefanya kazi ya vitasa hapa Maskati tangu vilipokuwa vya chuma na ufunguo mpaka vikawa visanduku visivyo na tundu, na safari nyingi nilizoitwa kwa dharura ziliishia kwenye bawaba iliyolegea, betri iliyochoka, au vumbi lililojaa njia ya ulimi wa kitasa. Bwana mmoja mwenye gereji Wadi Kabir alitupigia simu akasema mfumo wake umeingiliwa na wezi wa mtandaoni, mlango haukubali kujifunga. Nilipofika nilipiga magoti, nikapitisha kidole kizingitini, nikatoa kokwa ya tende. Aliitazama, akasema, "Hiyo wameitia wao."

Nakuandikieni nyinyi mnaoanza, kwa sababu kila nikipita karakana yetu katika kitongoji cha Ghala kunywa chai nanyi, mnaniuliza jambo lile lile: ni kweli ile habari ya mlango wa Hail? Wengine mmeisikia imetiwa chumvi, mara mlango ulisema, mara nilimwona mtu. Sikumwona mtu, na mlango haukusema. Lakini yaliyotokea yalitokea. Nimestaafu, nna wasaa wa kuyafikiria, na bado nikiyafikiria vinyweleo vya mikono husimama.

Kwanza mjue mnachokibeba. Kile kisanduku cha kijivu mnachokifunga nyuma ya mlango hakina siri nyingine isipokuwa namba. Kikiwashwa mara ya kwanza hujichagulia namba mbili kubwa mno, kila moja ina tarakimu mamia, na zote mbili ni namba tasa. Kisha huzizidisha. Jawabu hulitangaza kwa kila mtu. Hilo ndilo anwani yake, jina lake la kuitwa. Zile mbili zilizolizaa hakimwambii mtu. Ujanja wote uko hapo: kuzidisha ni kazi ya kupepesa jicho, lakini kulichukua jawabu na kurudi nyuma kuzitafuta zile mbili, kompyuta zote mnazozijua zitazeeka kabla hazijafika.

Namba tasa mlifundishwa shuleni, ni ile isiyogawika kwa yoyote isipokuwa moja na yenyewe. Saba ni tasa. Tisa si tasa, tatu inaigawa. Mimi neno hilo nililichukia tangu darasani, na nilipoolewa nikalichukia zaidi. Kwetu tasa ni mwanamke asiyezaa, na mimi sikujaaliwa mtoto. Nimelisikia likisemwa nyuma ya mlango, na mara nyingine mbele yake. Aliyenipatanisha nalo ni Wafula.

Wafula ni Mkenya wa Bungoma, kwao alikuwa mwalimu wa hesabu kabla hajaja Ghuba. Kwenye kampuni yetu ndiye aliyekaa na mitambo wakati sisi tunazunguka na magari. Ni mdogo kwangu kwa umri, lakini kwa mambo ya namba mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Ubao wake ulikuwa kioo cha gari, chaki yake kidole, na vumbi Ghala halikosekani.

"Madam Thurayya," aliniambia mara moja, "nikikupa nambari ya tarakimu mia tatu, utajuaje kama ni tasa?"

"Nitaigawa kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, hivyo hivyo."

"Utakufa kabla hujamaliza. Watoto wako nao." Akajikamata, akaona haya. "Pole, Madam."

"Wewe endelea."

Akaandika saba kwenye vumbi. Chukua mbili, akasema, izidishe kwa nafsi yake mpaka ziwe mbili saba: unapata mia moja ishirini na nane. Gawa kwa saba, inabaki mbili. Ile mbili uliyoanza nayo imerudi nyumbani. Kila namba tasa huirudisha. Sasa jaribu tisa. Mbili tisa zikizidishwa ni mia tano na kumi na mbili. Gawa kwa tisa, inabaki nane. Mbili haikurudi, basi tisa si tasa. Kwa namba kubwa ipo njia ya mkato ya kufanya hayo hayo, na mashine huimaliza upesi.

"Lakini hujaniambia tisa inagawika kwa nini," nikasema.

"Hapo ndipo penyewe. Mtihani unakuambia kuna mtu ndani ya nyumba. Haukuambii ni nani."

Akanionyesha pia mia tatu arobaini na moja. Hiyo ni kumi na moja mara thelathini na moja, lakini ukiipa mtihani wa mbili inapita, inairudisha mbili kama tasa wa kweli. "Hii ni mwongo," alisema. "Ndiyo unauliza tena kwa tatu, tena kwa nyingine. Mwongo hawezi kukumbuka uongo wake wote." Shikeni hilo hata nje ya namba. Mteja akikuambieni kitasa hakijaguswa, ulizeni mara ya pili kwa mlango mwingine.

Nilimuuliza kama haiwezekani visanduku viwili vikachagua namba moja. Akacheka. Katika namba za ukubwa ule, alisema, karibu moja katika kila mia saba ni tasa. Hesabuni wenyewe zitakuwa ngapi. Mchanga wa pwani yote kutoka hapa hadi Salala hauzifikii hata kwa kuanza. Visanduku viwili vikutane juu ya punje moja kwa bahati tu? "Hiyo, Madam, ngoja mpaka Kiyama."

Basi nikawa nalisema hilo kwa wateja, na wateja wakawa wanalala vizuri.

Aliyepiga simu kutoka Hail, kitongoji cha pwani, alikuwa Khalfan, mtu wa makamo, mfanyakazi wa benki. Baba yake, Bwana Said, alikuwa amefariki, na mama yake, Bi Zuwena, alikuwa ndani ya eda. Mnaijua eda: mjane hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, na mwanamume asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa, haingii alipo. Ndiyo maana nilitumwa mimi, kwani katika mafundi wetu mwanamke nilikuwa peke yangu. Kitasa kilikuwa kimefungwa siku chache baada ya maziko. Khalfan hakai pale, na viungo vya mikono ya mama yake vimekakamaa, akataka aweze kumfungulia mlango kwa simu. Waliutia springi: kitasa kikiachia, mlango unajisukuma wenyewe mpaka wazi, na ukiamriwa kufungwa mota ndogo huurudisha.

Alinisubiri nje, karibu na gari lake. "Khalti," aliniambia, yaani mama mdogo, "mlango wa mama unafunguliwa, na sisi hatuufungui. Mchana. Mara asubuhi, mara kabla ya alasiri, mara siku nzima kimya. Mfanyakazi anasema hajui. Mimi nadhani anajua. Nadhani kuna mwanamume."

Mfanyakazi alikuwa Neema, binti wa Singida, Mkristo, aliyekuwa akiishi na Bi Zuwena tangu mzee yu hai. Simu zilizoruhusiwa kuufungua mlango ule zilikuwa mbili tu, ya Khalfan na ya Neema. Khalfan alikwisha kata shauri: nikimwambia kitasa ni kizima, Neema anarudishwa kwa wakala wiki ile ile, na sababu inatajwa. Mwanamke aliyerudishwa kwa sababu hiyo, kwamba ameingiza mwanamume katika nyumba ya mjane wa eda, hapati nyumba nyingine hapa, na khabari humtangulia kufika kwao.

Bi Zuwena nilimkuta ukumbini, amekaa akiukabili mlango, nguo zake hazina pambo, tasbihi mkononi. Mzaliwa wa Unguja, na Kiswahili chake kile cha mama yangu.

"Karibu, mwanangu. Umekuja kuutazama mlango? Hauna kitu mlango."

"Nimeambiwa unafunguka wenyewe, Bi."

"Haufunguki wenyewe. Unafunguliwa."

"Na nani?"

Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza jua linachomoza wapi. "Na mwenye nyumba," akasema.

Nilianza na bawaba, kama ninavyokuambieni. Nzima. Betri imejaa. Ulimi umekula kutu kidogo, na Hail hakuna chuma kisicholiwa na hewa ya bahari, lakini unakwenda na kurudi bila kukwama. Nilikuwa nimepiga magoti, bisibisi mdomoni, niliposikia kitasa kinaachia. *Ta.* Mlango ukanipita begani taratibu mpaka wazi. Nje palikuwa na ua, kivuli cha ukuta, na jua. Sikuwa nimegusa kitu.

Nyuma yangu Bi Zuwena alisema, "Waalaikumu salaam warahmatullah," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemjibu aliyemzoea. Mimi hiyo salamu aliyoijibu sikuisikia. Akaendelea, "Karibu. Pumzika. Kahawa tayari." Akamwambia Neema amimine.

Neema akamimina kikombe, akakiweka juu ya kimeza kilichokuwa kando ya mlango, pasipo na kiti cha mtu. Kahawa ilikuwa inafuka. Sisi wanawake watatu tukakaa tukiutazama moshi wake mpaka ukaisha, na mlango ukajifunga.

Nilimfuata Neema jikoni. Alikuwa akikata vitunguu bila kuviangalia.

"Mama," aliniambia, "mimi nimekimbia nje mara nyingi nimwone anayefungua. Hakuna mtu. Hiyo kahawa namwaga mwenyewe, haijawahi kupungua. Bosi Khalfan anasema nina bwana. Sasa nikiwa na bwana, nitamwingiza mchana, mlango wa mbele, bibi amekaa pale anautazama?"

"Unaogopa?"

"Naogopa mlango. Lakini namwogopa zaidi bosi."

Kumbukumbu za kisanduku zilikuwa na neno moja tu: umefunguliwa kwa ufunguo sahihi. Hakuna hitilafu, hakuna aliyelazimisha. Nikampigia Wafula. Akatazama kwenye mitambo, akasema hakuna amri yoyote iliyokwenda kwa mteja wa Hail asubuhi ile.

"Basi nani kafungua?"

"Mwenye ufunguo," akasema Wafula. "Na ufunguo ni nambari mbili ambazo hakuna binadamu anazijua. Hata mimi."

Nilimwomba Khalfan jambo moja, na alikubali kwa shingo upande: niondoke na simu ya Neema, nikaifungie Ghala kwenye droo yangu, na yeye achukue likizo akae na mama yake aone. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, alinipigia. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Khalti, umefunguka. Nimekaa hapa hapa. Simu yangu mkononi, yule msichana yuko mbele yangu. Umefunguka, na mama kamkaribisha. Akanigeukia mimi akaniambia nisogee, nimeziba njia."

Mngedhani hilo lilimsafisha Neema. Halikumsafisha. Mtu akikosa sababu huchukua iliyo karibu, na jioni ya siku ile Khalfan aliniambia kwamba kama si mwanamume basi ni uchawi, huyu msichana ametoka na kitu kwao. Kutoka fitina moja akawa amehamia nyingine mbaya zaidi, na wakala alikwisha kupigiwa simu. Nilimsihi aningoje siku moja tu.

Asubuhi nilimkuta Wafula kabla hajavua hata miwani ya jua. Tulifikiri, tukanywa chai, tukafikiri tena. Mwishowe akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa kuwa lilionekana la kipumbavu: aliiambia mashine iichukue ile namba ya Hail, ile ndefu inayotangazwa, itafute kama iko kwenye mlango mwingine wowote tulioufunga. Ni kama kuuliza kama kuna mtu mwingine duniani mwenye alama za vidole vyako. Akabonyeza. Akasukuma kiti nyuma.

"Madam, njoo uangalie. Niambie kama macho yangu ni mazima."

Namba mbili, moja juu na moja chini, zimejaza kioo. Tulizisoma kwa sauti, yeye ya juu na mimi ya chini, kama watu wanaosomeshana. Tulisoma mpaka koo zikakauka. Hazikuachana hata pahala pamoja.

"Hiyo nyingine ya nani?" nikauliza.

Akasogeza mshale. Palikuwa na jina la mteja, na Wafula, ambaye Kiarabu chake ni cha sokoni, hakulielewa. Mimi nililielewa. Ilikuwa maghsala, nyumba ya kuoshea maiti iliyo karibu na makaburi.

Sasa fahamuni ilivyokuwa. Mitambo yetu ilizipanga amri kwa jina la mteja, lakini ilizituma kwa namba. Amri ya kufungua maghsala ilipokwenda kuita namba yake, visanduku viwili viliitika, kwa kuwa vyote viwili vilijijua kwa namba hiyo na vyote vilikuwa na ufunguo wake. Na kwa nini vilifanana? Kisanduku kinapowashwa mara ya kwanza hakijui chochote. Ili kichague namba kwa kubahatisha kweli, kinahitaji vurugu ya dunia: joto linalopanda na kushuka, muda unaopita, vidole vinavyogusa. Shehena vilimotoka vyote viwili ilikuwa imetengenezwa iwe na haraka, ichague kabla haijaona kitu. Wafula alilisema vizuri: vichanga viwili vimeulizwa swali moja gizani, vikatoa jibu moja.

Nilikwenda maghsala mwenyewe. Msimamizi wa upande wa wanawake aliitwa Bi Kadhiya, mama mnene mwenye mikono laini ya mtu ashindaye majini, na alinipokea kwa ucheshi. Watu wa kazi ile wana ucheshi kuliko sisi wa vitasa.

"Mnaufungua wakati gani huu mlango?" nikamuuliza.

"Akiletwa mtu. Tukishafungua unaachwa mpaka aingizwe, kisha tunafunga. Wengi huja kabla ya adhuhuri au kabla ya alasiri, ili wawahi kusaliwa. Kuna siku haji mtu, alhamdulillah, mlango unashinda umefungwa."

Nikampigia Neema kwa simu ya nyumbani kwa Bi Zuwena. Nikamwambia asiseme kitu, aweke tu mkono wa simu mezani. Nilisikia feni. Nilisikia punje za tasbihi zikigongana. Nikamwashiria Bi Kadhiya, naye akabonyeza simu yake. Mbele yangu kitasa kikaachia, *ta*, na ndani ya sikio langu, kutoka Hail, *ta*. Kisha mlio wa springi. Kisha sauti ya Bi Zuwena, karibu kana kwamba amesimama begani kwangu: "Waalaikumu salaam warahmatullah. Karibu. Pumzika."

Mbele yangu palikuwa na meza ya kuoshea, bado imelowa, na mpira wa maji umekunjwa vizuri chini yake. Hapakuwa na mtu juu ya meza.

Bi Kadhiya, aliyesimama karibu na simu yangu, alikuwa amesikia. Ucheshi ulimtoka usoni. "Nani huyo," akaniuliza, "anayetukaribisha?"

Khalfan nilikutana naye nje ya benki yake, nikamweleza kila kitu. Aliegemea ukuta. "Hapo ndipo alipooshwa baba," akasema. Halafu, "Usimwambie mama. Mwambie ilikuwa betri."

"Na Neema nimwambie nini? Naye ilikuwa betri?"

Tulikwenda pamoja, yeye mbele na gari lake, mimi nyuma, na njia nzima sikujua nitaanzaje. Nilianza kama nilivyofundishwa na mama yangu kutoa khabari nzito: nilikaa chini, karibu na miguu yake, nikasema mambo yalivyo bila kuyazungusha. Bi Zuwena alisikiliza mpaka mwisho, vidole vimesimama juu ya tasbihi.

"Kila ulipofunguka?" akauliza.

"Kila ulipofunguka, Bi. Isipokuwa mlipoufungua wenyewe."

"Wanaume na wanawake?"

"Wote."

"Na watoto?"

"Na watoto, Bi."

Aliutazama mlango. "Kuna siku ulifunguka," akasema, "nikahisi aliyeingia hajui pa kukaa. Nikataka kumwimbia. Nikajishangaa, maana Said si mtu wa kuimbiwa. Lakini niliimba, muulize huyu." Akamwonyesha Neema kwa kidevu. Neema alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, na kichwa chake kiliitika ndiyo, ndiyo, bila yeye kujua.

"Na wewe kahawa yao ulikuwa ukiimwaga?"

"Ndiyo, bibi."

"Umefanya vyema." Kisha akamgeukia mwanawe, na sauti ile ya upole ikaondoka. "Khalfan. Muombe radhi huyu mtoto wa watu. Kwa yote mawili uliyomdhania."

Khalfan aliomba radhi akitazama zulia. Alimpigia wakala pale pale, mbele yetu, akafuta aliyoyasema. Neema aliitikia kwa adabu, akarudi jikoni, nikamfuata. Nilitaka kumwambia sasa yamekwisha, hakuna cha kuogopa.

"Mlango nimeuelewa, Mama," akaniambia. "Watu ndio bado."

Alikaa na Bi Zuwena mpaka eda ikaisha, akamsaidia kuoga na kubadili nguo siku ile, kisha akarudi Singida kwa hiari yake, jina lake safi. Hunipigia simu sikukuu zetu na zake.

Nyinyi kazi yenu iko hapa, basi sikilizeni. Wafula alisema, ikiwa kuna pacha, basi kuna ndugu. Visanduku viwili vinaweza kutofautiana namba zinazotangazwa, lakini ndani vikawa vimechangia namba tasa moja kati ya zile mbili. Kwa macho huoni. Lakini ipo hesabu ya zamani, kigawo kikubwa cha shirika. Chukueni tisini na moja na mia moja na kumi na tisa. Toa ndogo kwenye kubwa, inabaki ishirini na nane. Itoe ishirini na nane kwenye tisini na moja mpaka usiweze tena, inabaki saba. Saba inaigawa ishirini na nane bila kubakisha, basi saba ndiye waliyemchangia. Hukuvunja namba yoyote, umeziweka tu pamoja, na zenyewe zikamtaja ndugu yao. Namba ambayo kompyuta zote zisingeivunja kwa umri wa dunia hujifungua yenyewe ikikutanishwa na jamaa yake.

Tuliziweka pamoja namba zetu zote, mbili mbili. Karibu zote zilitoa moja, yaani hazina ujamaa. Kisha zikaanza kutoka nyingine. Bohari iliyo nyuma ya karakana yetu hapa hapa. Fleti ya Wadi Kabir wanakoishi madereva. Zahanati. Nyumba ya pili Hail, mtaa mwingine kabisa. Na kila mara tasa aliyejitokeza alikuwa yule yule, tarakimu mamia, yule yule aliyekuwa katika mlango wa Bi Zuwena na wa maghsala. Wafula aliacha kuzisoma zote, aliangalia mwanzo na mwisho, akasema, "Ni yeye." Nilimwambia asiiite namba yeye. Baada ya muda mfupi na mimi nikawa nasema yeye.

Meneja alituma ujumbe kwa wateja akauita maboresho. Tuliviondoa visanduku vya shehena ile vyote, katika joto ambalo bisibisi huwezi kuishika bila kitambaa. Ndiyo maana nakuambieni, na nitakuambieni mpaka mchoke: kisanduku kipya kiacheni kiwashwe kwanza, kikae, kipate joto na vidole vya watu, kiione dunia kidogo, ndipo mkiombe namba. Mwenye haraka atawapa wateja wake ndugu wasiowajua.

Vile vya zamani tulivivunja kwa nyundo uani. Vilipokwisha kuwa vipande, Wafula alifuta jasho, akasema, "Hizo ni sanduku tu, Madam. Nambari iko pale pale." Nilimwelewa. Ilikuwa tasa kabla hakijatengenezwa kisanduku cha kwanza, hakuna nyundo yake. Nilihisi baridi katika jua lile.

Kisanduku kipya cha Hail nilikifunga mimi mwenyewe. Niliacha kikae muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikakishika, nikampa na Bi Zuwena akishike. Kikachagua namba zake. Nikaufungua mlango na kuufunga mara kadhaa, na baada ya hapo ukawa mlango kama mingine.

Bi Zuwena, ambaye nilikuwa nimemweleza habari ya milango ile ndugu, aliniuliza kama ile namba tasa waliyochangia ninayo. Nilikuwa nayo kwenye simu. Haikuwa siri tena, haikufungua chochote.

"Nisomee," akasema.

Ilikuwa baada ya alasiri. Nilimsomea tarakimu moja moja, tangu ya mwanzo, naye akasikiliza ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza mtu khitma ya aliyemjua. Ilichukua muda. Sauti yangu ilipofika mwisho ukumbi ulikuwa kimya, na mlango umefungwa.

"Na haigawiki?" akauliza.

"Haigawiki, Bi. Ila kwa yenyewe na moja."

Alitafakari hilo, akitazama upande wa ukumbi ambako hapakuwa na mtu.

"Soma tena," akasema. "Taratibu. Kuna waliokuwa hawajakaa."

Nikasoma tena, taratibu.